Karatasi ya kutupwa, ushuhuda wa kubakia: habari za afishi za filimu za upelelezi

Siku moja, mu darasa la tano la sekondari, tulikuwa tunafundisha somo juu ya vyanzo vya historia: maandiko, vitu vya kale, masimulizi ya wazee. Mwanafunzi mumoja akainua mukono. Alikuwa amesoma ku simu yake kwamba kule Marekani mutu alitoa dola 478 000 juu ya afishi moja ya sinema ya zamani. Akauliza: «Mwalimu, ile ni karatasi tu. Kwa ile feza wangejenga masomo ngapi? Huyu mutu alikuwa na akili kweli?» Darasa lote likacheka. Sisi pia tulicheka, lakini hatukumujibu pale pale. Tulimuahidi kwamba tutatafuta jibu. Maandishi haya ndiyo jibu lenyewe.

Wasomaji wa kijitabu hiki wamezoea kukuta humu habari za ndoa, za matanga, za majina na za ngoma. Pengine watashangaa kuona tunaongea juu ya karatasi za Wazungu zilizobandikwa ku kuta za sinema. Tunawaomba wavumilie kidogo. Swali la yule mwanafunzi halihusu Wazungu peke yao. Ni swali hili: kati ya vitu vyote vinavyopita mu mikono yetu, ni nani anayechagua kile kitakachochungwa na kile kitakachotupwa?

1. Afishi ilikuwa chombo cha kazi

Kwanza tujue vizuri kitu chenyewe. Mu Marekani, tangu mwanzo wa karne ya 20, kila filimu ilipotoka, kampuni ilichapisha pia karatasi za kuitangaza. Afishi ya kawaida ilikuwa na upana wa karibu santimetri 69 na urefu wa karibu santimetri 104. Kulikuwa pia zile kubwa sana, zilizochapwa kwa vipande na kuunganishwa ku ukuta, na makartoni madogo ya kuweka ku kiingilio cha nyumba ya sinema. Makartoni hayo mara nyingi yalikuwa 8 kwa filimu moja, na mengi yalionyesha sehemu fulani ya hadithi.

Afishi hazikuuzishwa kwa watu wa kawaida. Mwenye sinema alizipata pamoja na filimu, akazibandika siku chache, kisha filimu ikaondoka kwenda muji mwengine, na afishi nazo zikarudishwa, zikatumiwa tena, ao zikatupwa. Kampuni moja, National Screen Service, yenye kuanzishwa mwaka wa 1920, ilikuja kushika sehemu kubwa ya kazi hii tangu miaka ya 1940. Chini ya afishi waliandika kwamba karatasi ile ni mali ya kampuni, na kwamba inapaswa kurudishwa. Waliweka pia namba, na tarakimu mbili za kwanza za ile namba zilionyesha mwaka. Kama filimu ya zamani ilirudishwa ku sinema, waliongeza herufi R. Musomaji achunge jambo hili mu akili, kwa sababu tutalirudilia.

Kwa hiyo afishi haikutengenezwa ili idumu. Karatasi ilikuwa nyepesi. Ilikunjwa kama barua ili iingie mu bahasha, ikafunguliwa, ikapigwa gundi ao misumari, ikanyeshewa na mvua, ikachomwa na jua. Afishi mupya mara nyingi ilibandikwa juu ya ile ya zamani, sawa vile tunavyoona leo ku kuta za muji wetu wakati wa uchaguzi. Tena wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, Wamarekani waliombwa kukusanya karatasi za zamani ili zisagwe na kutumiwa upya, na afishi nyingi zilipotelea mule.

Ndiyo maana afishi za miaka ya 1920 na 1930 ni chache. Tusifikiri kwamba zilichapwa chache. Zilichapwa kwa wingi, lakini kazi yenyewe ilitaka ziishe. Hilo ndilo jambo la kwanza tulilomueleza mwanafunzi wetu: uchache wa kitu unatoka mara nyingi katika zarau. Kile ambacho wote wanakiona kuwa cha maana, wote wanakichunga, na kinabakia kingi. Kile ambacho wote wanakitupa ndicho kinakuwa adimu.

2. Juu ya nini filimu za upelelezi?

Wakusanyaji wa afishi wana mapendeleo mbalimbali. Wengine wanatafuta filimu za kuogopesha, wengine zile za wacunga ng'ombe wenye bastola, ambazo vijana wa Léopoldville walizipenda sana mu miaka ya 1950, mpaka wakajiita «Bills» kwa kumufuata Buffalo Bill. Lakini kuna kundi kubwa lenye kupenda filimu za upelelezi: mutu ameuawa, hakuna anayejua ni nani aliyefanya, na mupelelezi anafuata nyayo mpaka mwisho.

Filimu hizi zilizaliwa katika vitabu. Dashiell Hammett, mwandishi wa Marekani, alikuwa yeye mwenyewe amefanya kazi ya upelelezi mu kampuni ya Pinkerton mbele ya kuandika. Kitabu chake The Maltese Falcon kilitoka mwaka wa 1930. Kilipigwa filimu mara ya kwanza mwaka wa 1931, kisha John Huston akairudilia mwaka wa 1941 pamoja na Humphrey Bogart, na ile ya pili ndiyo watu wanaikumbuka. Kitabu kingine cha Hammett kilizaa filimu The Thin Man, mwaka wa 1934, pamoja na William Powell na Myrna Loy. Zikafuata Laura ya Otto Preminger mwaka wa 1944 na The Big Sleep ya Howard Hawks mwaka wa 1946.

Watu wa lugha ya Kifaransa nao walikuwa na zao. Georges Simenon, Mubelgiji wa Liège, aliyezaliwa mwaka wa 1903, alimuumba komisari Maigret. Katika mwaka wa 1932 peke yake vitabu viwili vya Maigret vilipigwa filimu: La Nuit du carrefour ya Jean Renoir na Le Chien jaune ya Jean Tarride. Mubelgiji mwengine wa Liège, Stanislas-André Steeman, alizaliwa mwaka wa 1908. Vitabu vyake viwili vilimupa Henri-Georges Clouzot filimu mbili kubwa: L'assassin habite au 21, mwaka wa 1942, na Quai des Orfèvres, mwaka wa 1947.

Sasa fikiri kazi ya mutu mwenye kuchora afishi ya filimu kama hizi. Afishi ya filimu ya mapenzi inaweza kuonyesha wapenzi wawili wakikumbatiana, na hakuna siri iliyovunjika. Lakini afishi ya upelelezi inapaswa kusema na kunyamaza kwa wakati mumoja. Ikisema sana, inamutaja muuaji na watu hawaingii. Ikinyamaza sana, hakuna atakayesimama kuitazama. Kwa hiyo wachoraji walitumia kivuli ku ukuta, kofia yenye kufunika macho, mulango uliofunguliwa nusu, sura ya mwanamuke asiyejulikana kama ni mwema ao mubaya. Kisha akaja Saul Bass, ambaye aliacha hata sura. Ku afishi ya Vertigo ya Alfred Hitchcock, mwaka wa 1958, aliweka mistari yenye kuzunguka kama maji ya kizingia juu ya rangi ya machungwa, na mutu mudogo akianguka ndani. Mwaka wa 1959, kwa Anatomy of a Murder, alichora mwili wa mutu uliokatwa vipande kama karatasi. Hakuna aliyeuliza tena filimu ni ya namna gani.

Wazee wetu wanajua kazi hii. Mwenye kutoa kitendawili hatoi jibu pale pale. Anaweka alama za kutosha ili musikilizaji asikate tamaa, na anaficha za kutosha ili asichoke. Afishi ya upelelezi ni kitendawili cha ku ukuta.

3. Filimu iliyoungua na karatasi iliyobakia

Tuje sasa kwa ile karatasi ya dola 478 000. Ni afishi ya filimu London After Midnight, iliyotoka mwaka wa 1927 katika kampuni ya MGM. Aliyeiongoza ni Tod Browning, na mchezaji mukubwa ni Lon Chaney, mutu aliyejulikana kwa kugeuza sura yake namna nyingi. Ndani ya filimu ile bwana mumoja tajiri anakutwa amekufa mu nyumba yake. Watu wanasema amejiua. Nyuma ya miaka mitano wageni wa ajabu, wenye sura ya maiti zinazotembea, wanaingia mu ile nyumba, na mupelelezi wa Londoni anarudi kutafuta ukweli. Chaney alicheza mupelelezi, na alicheza pia yule wa kuogopesha, mwenye kofia ndefu na meno makali.

Filimu za wakati ule zilikuwa hazina sauti, na ukanda wake ulitengenezwa kwa nitrati, kitu chenye kushika moto haraka sana. Mwaka wa 1965 moto uliwaka mu chumba cha akiba cha MGM kule Culver City, karibu na Los Angeles. Nakala ya mwisho iliyojulikana ya London After Midnight iliungua mule. Tangu siku ile hakuna aliyeiona tena. Browning mwenyewe alikuwa amerudilia hadithi ile mwaka wa 1935 kwa filimu yenye sauti, Mark of the Vampire, lakini ile ya kwanza imepotea. Mwaka wa 2002 televisheni moja ya Marekani ilionyesha namna ya filimu ile iliyounganishwa kwa picha za kusimama tu, kwa sababu picha zile zilikuwa zimechungwa.

Si filimu hii peke yake iliyopotea. Mwaka wa 2013 maktaba kubwa ya taifa ya Marekani, Library of Congress, ilitangaza uchunguzi juu ya filimu ndefu zisizo na sauti zilizotengenezwa mu inchi ile kati ya 1912 na 1929. Zilikuwa karibu 11 000. Zile zinazobakia nzima, katika hali zilizotoka nayo, ni 14 kwa mia tu. Ilikuwa inchi tajiri, yenye mabenki na vyumba vya chuma, lakini iliacha sehemu kubwa ya sinema yake ya kwanza ioze, iungue ao itupwe. Tunapolia juu ya akiba zetu zilizoibiwa ao kuliwa na muchwa, tujue kwamba zarau haina inchi moja.

Mwezi wa kumi na moja mwaka wa 2014 ile afishi ya London After Midnight ilipelekwa ku munada, maana yake mauzo ya watu kushindana bei. Hakuna nakala nyingine ya namna ile iliyokuwa inajulikana. Bei ilipanda mpaka dola 478 000, na wakati ule hakuna afishi ya sinema iliyokuwa imewahi kupita bei hiyo ku munada wa wazi.

Tuangalie vizuri kilichotokea pale. Filimu ilikuwa ndiyo kitu kikubwa: watu mamia walifanya kazi, feza nyingi ilitoka, wachezaji walisifiwa. Afishi ilikuwa mutumishi wake tu, wa kusimama inje na kuita watu. Leo bwana amekufa, na mutumishi ndiye anabakia kumushuhudia. Wenye kutaka kujua rangi ya filimu ile, namna kampuni ilivyotaka watu waifikirie, na majina gani yaliandikwa makubwa ao madogo, wanapaswa kuuliza karatasi.

4. Bei, wajuzi na wadanganyifu

Kukusanya afishi hakukuanza na matajiri. Kwa miaka mingi wakusanyaji walikuwa watu wenye kupenda sinema, vijana waliofanya kazi ku milango ya sinema, wachuuzi wa vitabu vya zamani. Waliomba karatasi zilizokuwa zinaelekea ku takataka. Nyumba kubwa za munada ziliingia nyuma. Mwaka wa 1997 afishi ya The Mummy, filimu ya kuogopesha ya 1932, iliuzishwa kwa Sotheby's kule New York dola 453 500. Mwaka wa 2017 afishi ya Dracula ya 1931 ilifika dola 525 800.

Zingine zilipatikana mahali pa ajabu. Watu wenye kutengeneza nyumba za zamani walikuta afishi chini ya zulia za plastiki ao ndani ya kuta, kwa sababu zamani watu walizitumia kuzuia baridi. Mu Pennsylvania, kundi la afishi 33 za mwanzo wa miaka ya 1930 lilikutwa zikiwa zimeshikamana kwa gundi, moja juu ya nyingine. Ilibidi kuzilowesha na mvuke na kuziachanisha polepole. Mwaka wa 2012 ziliuzishwa kwa jumla ya dola zaidi ya 500 000. Mule mulikuwa Dracula, na pia filimu za majambazi kama Little Caesar na The Public Enemy.

Mahali penye feza, wadanganyifu hawakosekani. Hapa ndipo elimu inaonekana. Mukusanyaji mwenye ujuzi anapima kwanza: karatasi ikipungua ao ikizidi kipimo cha zamani, anaanza kuwa na mashaka. Kisha anatazama mikunjo: mpaka karibu na miaka ya 1980 afishi za Marekani zilisafirishwa zikiwa zimekunjwa, kwa hiyo afishi ya 1941 isiyo na alama hata moja ya mukunjo inaleta maulizo. Anasoma namba ya chini, na akikuta R anajua kwamba karatasi si ya siku filimu ilipozaliwa. Anachukua kioo cha kukuza na kutazama rangi: afishi nyingi za kale zilichapwa kwa jiwe, na rangi yake inaenea kama chaki. Nakala iliyopigwa kutoka ku picha inaonyesha vidoto vidogo vilivyopangwa sawasawa.

Msomaji ataona kwamba mukusanyaji wa filimu za upelelezi anaishia kuwa mupelelezi yeye mwenyewe. Filimu The Maltese Falcon ilikuwa imekwisha kulieleza jambo hili. Ndani yake watu wanadanganyana na kuuana juu ya sanamu ya ndege inayosemwa kuwa ya zahabu na mawe ya bei. Mwisho wanaikwangua kwa kisu na kukuta ni risasi tupu. Na jambo la kuchekesha ni hili: mwaka wa 2013 sanamu moja ya risasi iliyotumiwa mu filimu ile iliuzishwa New York zaidi ya dola milioni 4. Ile ya uongo ikawa na bei kwa sababu ni ya uongo wa kweli, yaani ilikuwa pale siku ile, mu mikono ya wachezaji wale.

Hapo ndipo tulipoelewa bei ni ya nini. Hailipi uzuri, kwa sababu nakala nzuri ya afishi ile ile inapatikana kwa dola chache. Inalipa kuwa pale. Wakusanyaji wanalipa ushuhuda.

5. Karatasi ya baba mukubwa

Afishi za Ubelgiji zilikuwa na namna yao, na kwa sisi watu wa Kongo zina maana ya pekee. Nyuma ya vita nyingi zilikuwa ndogo, karibu santimetri 36 kwa 55. Jina la filimu liliandikwa mara mbili, kwa Kifaransa na kwa Kiflamanda. Juu ao chini waliacha nafasi nyeupe ya kuandika jina la nyumba ya sinema, na mara nyingi walibandika tembre ya kodi, kwa sababu Leta la Ubelgiji lilitoza kodi juu ya karatasi za kutangaza. Mwenye kuona karatasi ndogo, lugha mbili na tembre, anajua pale pale inatoka wapi.

Sisi tuliona moja mbele ya kujua hayo yote. Baba yetu mukubwa alikuwa mulinzi wa mulango mu nyumba moja ya sinema, wakati wa ukoloni unapoelekea mwisho. Wakati ule filimu zilichujwa na wakubwa: si kila filimu iliyoruhusiwa kwa Mzungu iliruhusiwa kwa Mwafrika. Wamisionere nao walionyesha filimu zao, kama zile za Matamata na Pilipili ambazo Padri Albert Van Haelst alizitengeneza kule Kasai mu miaka ya 1950. Baba mukubwa alisimama ku mulango wa filimu nyingi ambazo yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuziona.

Mu nyumba yake kulikuwa sanduku la chuma, na ndani ya kifuniko chake alikuwa amebandika karatasi ya rangi: bwana mwenye kofia, mwanamuke nyuma yake, maneno ya Kifaransa na chini yake maneno mengine ambayo sisi watoto tulidhani ni Kifaransa kilichoandikwa vibaya. Ku pembe kulikuwa tembre ndogo. Tulikuwa na miaka 12. Asubuhi moja ya mvua makala yalikataa kushika moto mu mbabula, na mama mukubwa alikuwa anangoja maji ya chai. Tukafungua sanduku, tukakwangua ile karatasi, tukaiwasha. Ilishika haraka.

Baba mukubwa alikuja akatazama kifuniko kitupu. Hakutupiga wala hakupandisha sauti. Alisema tu: «Ile ilikuwa kazi yangu.» Kisha akaenda kunywa chai.

Kwa miaka mingi tulidhani alikuwa anatukosoa juu ya usafi wa sanduku. Tulipoanza kufundisha historia ndipo maneno yake yakaturudilia. Hakuwa na karatasi ya kazi wala picha yake mbele ya ule mulango. Ile afishi ilikuwa kitu kimoja tu chenye kuonyesha kwamba miaka ile alikuwa pale. Hatusemi kwamba ingeuzishwa bei kali. Tunasema kwamba ushuhuda wake ulikuwa mu mikono yetu, na tuliutia moto juu ya kikombe cha chai.

6. Jibu letu

Kwa hiyo, yule Mumarekani alikuwa na akili ao hapana? Tulimujibu mwanafunzi wetu kwa sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza: ana haki ya kukasirika. Karatasi moja yenye bei ya masomo mengi ni jambo la kuchukiza, zaidi sana kama itafungiwa mu sanduku la benki, mahali ambapo hakuna mwanafunzi atakayeiona. Kuchunga bila kuonyesha ni namna nyingine ya kupoteza. Tunapenda zaidi mufano wa nyumba zenye kuchunga kwa ajili ya wote, kama Cinémathèque française iliyoanzishwa Paris mwaka wa 1936, na ile ya Ubelgiji iliyoanzishwa Bruseli mwaka wa 1938. Watu walioanza kazi ile hawakuwa matajiri. Walikuwa vijana wenye kuona kwamba filimu zinatupwa, na wakakataa.

Sehemu ya pili: asimucheke mukusanyaji. Kama kusingekuwa watu wenye kuokota karatasi wakati ilikuwa bado haina bei, kusingekuwa kitu cha kuuzisha, wala cha kuonyesha, wala cha kufundishia. Jambo hili tunalijua hapa Lubumbashi. Mu miaka ya 1973 na 1974 muchoraji wetu Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya inchi, karibu picha mia moja, ku magunia ya unga. Aliyezinunua na kuziandika habari ni profesa mugeni, Johannes Fabian, na kitabu chake juu ya picha zile kilitoka mwaka wa 1996. Leo picha zile ziko Amsterdam. Tunaweza kunung'unika kwamba ziko mbali, na tuna haki. Lakini tujiulize pia: zile ambazo muchoraji huyu aliwauzishia watu wa mutaa, ambazo zilitundikwa mu vyumba vyetu, ni ngapi tulizozichunga?

Na afishi zetu wenyewe? Wachoraji wa mabango walipaka rangi ku milango ya vilabu, vya vinyozi na vya maduka. Chéri Samba mwenyewe alianza kwa kazi hiyo Kinshasa mu miaka ya 1970. Kulikuwa karatasi za kutangaza michezo ya kuigiza, mashindano ya mupira, dansi za mwisho wa mwaka, vyumba vya video vya miaka ya 1980 na 1990. Nyingi zilifunika madaftari ya watoto ao zilifunga karanga. Hatuna haja ya kungoja Leta, wala kungoja munada wa New York utuambie kwamba zina maana.

Kazi yenyewe si ngumu, na haitaki feza nyingi. Karatasi isibandikwe kwa gundi wala kwa skochi, kwa sababu vinaila. Iwekwe bapa, mbali na jua, na unyevu, na muchwa. Ku karatasi nyingine, kwa kalamu ya risasi, mutu aandike ilitoka wapi, ilibandikwa mwaka gani, nani aliitengeneza, nani aliileta. Karatasi bila habari zake ni nusu ya ushuhuda. Na kama kuna muzee aliyefanya kazi ile, aulizwe leo, kwa sababu yeye ndiye chanzo cha kwanza.

Mwanafunzi wetu alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mu nyumba ya nkambo wake kuna bango moja la mbao la zamani ambalo linazibia tundu la paa ya jikoni. Tulimuambia asilitoe kwa nguvu, amuulize kwanza nkambo linasema nini. Juma lililofuata alirudi na kurasa mbili za maandishi. Bango lilikuwa bado ku paa, lakini habari zake zilikuwa zimekwisha kuandikwa. Tumeweka zile kurasa mu kabati la darasa, na tarehe juu yake.